Nani Anaimba Kwa Hiyo Kaseti?

Wasee, kabla hujaniambia unaijua sauti ya mwimbaji fulani wa zamani, nikuulize kitu kimoja tu: ulimskia kwa mashine gani?

Naona wengine mmeshaanza kucheka. Lakini fikiria safari ya ngoma moja ya benga ya miaka ya sabini mpaka ifike kwa simu yako. Ilirekodiwa studio Nairobi kwa utepe mkubwa. Ikachapwa kwa santuri. Mtu akainunua, akainakili kwa kaseti. Jirani akaazima hiyo kaseti, akanakili yake. Miaka mingi baadaye mtoto wa jirani akaiingiza kwa kompyuta, akaipandisha YouTube. Karibu kila hatua ilikuwa na mota inayozungusha kitu, na mota za nyumbani huwa hazikubaliani. Kwa hivyo huyo unayemskia leo huenda hakuwahi kuimba hivyo siku yoyote ya maisha yake.

Hoja yangu naiweka hapa juu ndio usiitafute: spidi ya mashine ni sehemu ya historia ya muziki wetu, na sisi tunaohamisha sauti za zamani kwenda digitali tunaichukulia kama kitu kidogo. Sio kidogo. Tukikosea sasa, wajukuu wetu watarithi sauti za watu ambao hawakuwahi kuwepo.

Asilimia sita

Tuanze na hesabu ndogo, haiumi.

Sauti ni mtetemo. Hewa ikitetemeka mara 440 kwa sekunde, unaskia noti ambayo wanamuziki wanaiita A. Hiyo hesabu ya mara kwa sekunde ndiyo hezi. Sasa, santuri au kaseti haina noti ndani yake. Ina mawimbi yaliyochorwa, marefu na mafupi, na ni spidi ya kuzungusha inayoamua mawimbi mangapi yatapita kwa sekunde moja. Ukizungusha haraka yanapita mengi, sauti inapanda na wimbo unafupika. Ukizungusha polepole sauti inashuka na wimbo unarefuka. Spidi na pichi kwa mashine hizi ni chanda na pete.

Namba ya kukumbuka ni asilimia sita. Spidi ikizidi kwa asilimia sita, sauti inapanda nusu-toni nzima, yaani kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi kile kilicho karibu yake kabisa, ukihesabu na vile vyeusi. Wimbo wa dakika tatu unapoteza kama sekunde kumi. Asilimia moja peke yake ni karibu sehemu ya sita ya nusu-toni, na wengi wetu hatuwezi hata kushtuka.

Ujanja uko hapa: spidi mbaya haivurugi uhusiano wa noti. Gitaa, besi na mwimbaji wote wanapanda pamoja kwa kipimo kimoja, kwa hivyo wimbo unabaki ukipatana. Ndiyo maana kosa la spidi linaweza kuishi miaka hamsini bila kushikwa. Kinachobadilika ni mtu mwenyewe. Kifua kinakonda, mzee anakuwa kijana, mama anakuwa msichana. Halafu ukichukua gitaa ujaribu kufuata hiyo ngoma, unapata gitaa lako liko sawa lakini wimbo umekaa katikati ya noti mbili, hauko huku wala kule.

Kipenga kwenye nta

Watu wa kwanza kurekodi sauti upande huu wa dunia walilijua hili tatizo vizuri kutuliko.

Mwaka wa 1906 Mjerumani Karl Weule alizunguka kusini mwa Tanzania ya leo, huko Lindi, Masasi na Newala, akiwa na fonografu. Hii ni mashine ya kukaza kwa mkono inayochora sauti juu ya silinda ya nta. Silinda moja ilibeba dakika chache tu, na spidi ilibadilishwa kwa skrubu. Mtu angeweza kurekodi polepole ndio silinda ibebe zaidi. Sasa ukija kuicheza bila kujua skrubu ilikuwa wapi, mwanamume mzima anaweza kulia kama mtoto wa nasari.

Hifadhi ya sauti ya Berlin, iliyokusanya silinda za wasafiri wa Kijerumani, ilikuwa na dawa rahisi sana. Wasafiri walielekezwa wabebe kipenga kidogo kinachotoa noti moja tu, hezi 435, na wakipulize kwenye silinda wanaporekodi. Miaka mia baadaye mtu anatakiwa kufanya jambo moja: kurekebisha spidi mpaka kipenga kilie 435. Kipenga kikikaa sawa, kila kitu kingine kwenye hiyo silinda kimekaa sawa.

Sitaki tusahau hiyo ilikuwa enzi gani. 1906 Vita vya Maji Maji vilikuwa bado havijaisha huko huko kusini, na watu walioimba mbele ya ile pembe ya fonografu hawakuulizwa kama wangependa sauti zao zilale Berlin. Lakini ona: mkoloni alijua kwamba sauti bila kipimo cha spidi haina thamani kamili kama ushahidi, akabeba kipenga. Sisi leo, tukiwa na simu yenye nguvu kuliko vyombo vyake vyote, tunahamisha kaseti za wazazi wetu bila kuuliza chochote.

78 ambayo sio 78

Mwaka wa 1928 Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba, Zanzibar, alivuka bahari mpaka Bombay na wapigaji wake kurekodi kwa kampuni ya HMV. Zikatoka santuri za Kiswahili zilizochezwa visiwani na pwani yote, kwenye mashine ambazo wazee wengine waliziita kinanda na wengine gramafoni.

Mashine nyingi za kurekodi za enzi hizo ziliendeshwa na uzani unaoshuka polepole, kama saa za ukutani za kizamani, kwa sababu huo ndio mwendo mtulivu waliouamini. Kampuni zenyewe zilikuwa hazijakubaliana vizuri. Nyingi zilikaa karibu na mizunguko 78 kwa dakika, lakini Columbia kwa muda iliandika 80 kwa santuri zake. Na hata 78 haikuwa 78. Mota za stima zilipoingia, nchi zenye umeme wa hezi 60 kama Marekani zilipata mizunguko 78.26, na zenye hezi 50 kama Uingereza zikapata 77.92. Sababu ni ya kawaida kabisa: gia haina nusu jino, kwa hivyo hesabu haikuingia sawasawa.

Tofauti ya hizo mbili ni ndogo mno. Lakini santuri ya 78 ukiizungusha kwa 80, inapanda karibu robo toni. Kwa mtu wa gitaa hiyo ni "imetoka kidogo tu." Kwa taarab, yenye mizizi ya maqam za Kiarabu, robo toni ni noti halali yenye nafasi yake. Kijana wa leo anayetaka kukaa na qanun au udi yake ajifunze kwa kupiga pamoja na santuri ya zamani, anaanza kwa kusogeza nyuzi zake zikutane na mota ya mtu mwingine.

Hiyo ni upande wa kurekodi. Nyumbani kulikuwa na balaa yake. Gramafoni iliendeshwa na springi unayoikaza kwa mkono. Ndani kulikuwa na kidhibiti cha kuituliza spidi, na skrubu ya kuirekebisha, lakini springi ikichoka katikati ya wimbo sauti inaanza kuzama, mwimbaji anakuwa mzito, mzito, mpaka mtu anyanyuke akakaze tena. Kuna kizazi kizima cha Afrika Mashariki kilichojua muziki wa kurekodiwa hivyo, ukipanda na kushuka kulingana na nguvu ya mkono wa aliyekaa karibu.

Muulize Chemirocha. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka sehemu kubwa ya Afrika akirekodi, alifika Kapkatet, kwa Wakipsigis. Huko alikuta nyimbo za Chemirocha. Jina hilo limetokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa 1933, ambaye sauti yake ilikuwa imefika huko kwa santuri. Wasichana wa Kipsigis waliimba juu yake kama kiumbe nusu mtu nusu paa. Watu wanapenda kuisimulia hii kama kichekesho. Mimi naiona kama ripoti ya uaminifu. Umeskia sauti ya mtu bila mwili, ikitoka kwenye kisanduku cha springi, inayumba, inaruka juu ghafla kwa ile mtindo yake ya kupiga kelele za milimani. Ungeita nini?

Tracey mwenyewe alikuwa mkali kwa vipimo. Alitembea na vyuma 54 vyenye umbo la uma, kila kimoja ukikigonga kinatoa noti moja tu, kuanzia hezi 212 hadi 424, vikipishana kwa hezi nne nne. Alivitumia kupima ala za watu na kuandika kila waya au kila ubao ulilia hezi ngapi. Nakala za kazi yake ya Kenya zilirudi nyumbani zaidi ya miaka 60 baadaye, kwa ushirikiano wa maktaba yake ya ILAM iliyoko Afrika Kusini na watu wa huku kwetu, akiwemo Tabu Osusa wa Ketebul Music.

Kwa nini ujisumbue na vyuma 54? Kwa sababu ala zetu hazikutengenezwa kwa kufuata piano. Ukipata santuri ya bendi ya London imeenda mbio, unaweza kubahatisha: hii inakaribia A, wacha niivute mpaka iwe A. Kwa nyatiti au kwa kinubi cha Kipsigis hiyo bahati haipo. Fundi alifunga nyuzi zake kufuata sikio lake na sauti ya mwimbaji wake. Ukiivuta mpaka ifanane na piano, umemlazimisha avae kiatu cha mtu mwingine.

Na huku kwetu Kajiado ni zaidi. Nyimbo nyingi za Wamaasai hazina ala hata moja. Kuna olaranyani anayeongoza, na kuna wale wanaojibu kwa koo, ile sauti nzito inayotoka tumboni. Hakuna gitaa la kukuonyesha njia. Ongeza spidi asilimia nane tu na wale wanaume wazito wanakuwa vijana wa kwaya. Na mtu ambaye hajawahi kusimama karibu nao hatajua ameibiwa.

45, 33 na mzigo kutoka Marekani

Baada ya vita vya pili vya dunia zikaja spidi mpya: santuri ndefu ya 33⅓ mwaka wa 1948, na ile ndogo ya 45 mwaka wa 1949. Kufikia miaka ya sabini Nairobi ilikuwa inatoa 45 kwa wingi. Bendi zilikuja kurekodi kutoka Kongo na Tanzania, na maduka ya River Road yalikuwa ndiyo mtandao wa wakati huo. Benga nyingi zilikatwa mara mbili, sehemu ya kwanza upande A na ya pili upande B, kwa sababu upande mmoja haukutosha ile mbio ya gitaa la mwisho. Ukitaka kuzishika kwa mkono leo, tembea Kenyatta Market umtafute Jimmy Rugami, hukosi.

Sasa mashine ya nyumbani ikawa na swichi. Ukicheza 45 kwa 33⅓, sauti inashuka zaidi ya nusu-toni tano. Hiyo huwezi kuikosa, hata mtoto anacheka. Makosa makubwa hayaniogopeshi kwa sababu yanajitangaza. Yanayoniogopesha ni yale ya asilimia mbili, tatu, nne: belti iliyolegea, mafuta yaliyokauka kwa ekseli, raba iliyoshika vumbi.

Kuna moja ya katikati inayokamata watu mpaka leo. Kenya tunatumia stima ya hezi 50. Marekani ni 60. Mtu anarudi na mashine nzuri ya santuri kutoka huko, ananunua transfoma ya kushusha umeme, inawaka, anafurahi. Lakini transfoma inashusha volti, haigusi hezi. Kama mota ni ya aina inayofuata mapigo ya stima, itazunguka tano kwa sita ya spidi yake. 33⅓ inakuwa karibu 28. Kila mwimbaji anashuka nusu-toni tatu na kidogo, na familia inazoea. Zile mota za umeme wa DC hazina shida hii, kwa hivyo angalia kwanza kabla hujamlaumu fundi.

Kaseti, betri na jua

Philips walitoa kaseti mwaka wa 1963, na kufikia miaka ya themanini ilikuwa imeshinda santuri huku kwetu. Ilikuwa rahisi, iliingia mfukoni, na yeyote angeweza kunakili. Unakili huo ndio uliosaidia kuua biashara ya santuri. Pia ndio ulioharibu spidi.

Kaseti inatakiwa kupita mbele ya kichwa cha kusoma kwa sentimita 4.76 kila sekunde. Inatakiwa. Sasa chukua redio kaseti ya kawaida ambayo iko mbio asilimia mbili, na nyingine iko polepole asilimia mbili. Ukirekodi kwa ile ya polepole ukacheza kwa ile ya mbio, umefika asilimia nne. Nakili hiyo nakala, nakili tena, na makosa yakienda upande mmoja yanazidishana. Hatua nne za asilimia mbili mbili zinakupa zaidi ya asilimia nane. Hiyo imepita nusu-toni, na hakuna hata mtu mmoja aliyefanya kitu kibaya.

Halafu kulikuwa na betri. Kwenye nyumba nyingi redio haikuwa kwa stima, ilikuwa kwa betri za Eveready zilizotengenezwa Nakuru mpaka kile kiwanda kikafungwa 2014. Betri zilikuwa pesa. Ndiyo maana watu walirudisha kaseti nyuma kwa biro badala ya mota. Ndiyo maana betri zilianikwa juani ama kuumwa na meno ndio zitoe nguvu ya mwisho. Ulizia kwenu, kuna mtu atakumbuka.

Hapa kuna kitu kinachochanganya watu, kwa hivyo soma polepole. Betri zikifa wakati unacheza kaseti, sauti inashuka, mwimbaji analala. Lakini zikifa wakati unarekodi, matokeo ni kinyume. Tepu ilipita polepole, mawimbi yakabanwa, na siku utakapoicheza na betri mpya yatapita mbio. Mwanzo wa kaseti mtu anaongea kawaida, na kadiri dakika zinavyoenda anapanda, anapanda, mpaka mwisho wa upande A mzee anaongea kama katuni. Hakuwa amelewa na hakuwa na haraka. Betri ndizo zilikuwa zinakufa.

Mlio wa stima

Sasa niwape mfano wa nyumbani, kwa sababu hii stori sio ya wasanii wakubwa peke yao.

Familia yetu ina kaseti moja ya shosh. Ilirekodiwa miaka ya tisini hapa Gataka, sebuleni, redio ikiwa kwa stima. Anaimba kidogo, anasimulia, anagombeza mtu aliyefungua mlango. Ndiyo sauti yake pekee tuliyobaki nayo. Anti yangu aliipeleka kwa duka fulani linalohamisha kanda, akarudi na flash. Faili safi, hakuna hata mvumo. Mathe akaskiza sekunde chache akauliza, "Huyu ni nani?" Shosh alikuwa na sauti nzito. Huyu wa kwa flash alikuwa mwanamke mwingine, mwembamba, mwenye haraka.

Ikabidi turudi kwa kaseti yenyewe. Na hapa ndipo kile kipenga cha Berlin kilinifaa, kwa sababu nyumba yenye stima ina kipenga chake. Umeme wa Kenya ni hezi 50, na mashine nyingi zinavuja mvumo mdogo wa hizo 50, au mara mbili yake, 100, ndani ya sauti. Ule mmm wa chini unaouskia kwa spika kabla muziki uanze, ndio huo. Uliingia kwa kaseti ya shosh siku ile ile aliyoimba.

Niliazima mashine ya kaseti, nikaiingiza kwa laptop, nikafungua Audacity ile sehemu ya kuonyesha hezi. Mara ya kwanza kulikuwa na vilima viwili vidogo, kimoja 50 kamili na kingine 54. Kile cha 50 kilikuwa cha stima ya leo, cha chaja yangu. Nikachomoa chaja, kikatoweka. Kile cha 54 kikabaki. Huyo ndiye alikuwa shahidi: mvumo uliokuwa 50 sebuleni ulikuwa unalia 54 kwa laptop. Kaseti yote ilikuwa mbio asilimia nane, shosh amepandishwa zaidi ya nusu-toni moja. Nikashusha spidi hadi asilimia 92.6 na mvumo ukakaa 50.

Stima haisimami 50 kamili kila sekunde, lakini kuyumba kwake ni kudogo sana ukilinganisha na kosa la redio kaseti. Ni kipimo kizuri kuliko kubahatisha.

Nikamwekea mathe. Aliskiza karibu dakika mbili bila kusema kitu. Halafu akasema, "Rudisha hapo alipokohoa."

Sasa rudi kwa ile faili ya duka. Walikuwa wameondoa mvumo ndio isikike safi. Yaani walifuta kipimo pekee kilichokuwa kwenye hiyo sauti. Kama kaseti ingekuwa imetupwa, na watu wengi hutupa baada ya kupata flash, shosh angebaki yule mwanamke mwembamba milele na hakuna hesabu ingemrudisha.

Spidi ya kizazi chetu

Najua mtaniuliza: na hizi ngoma za TikTok zilizoongezwa spidi? Mimi sina shida nazo. Ni mchezo, na kila mtu anajua ni mchezo. Mwenye ngoma yuko hai, toleo lake liko, ukitaka kumskia vile alivyo unabonyeza mara moja. WhatsApp nayo tangu 2021 inakuruhusu kuskiza ujumbe wa sauti kwa mara moja na nusu ama mara mbili, lakini pale programu inakatakata sauti na kuiunga ndio pichi ibaki. Mamako anaongea haraka lakini bado ni mamako. Kaseti haikuwahi kuwa na huo uungwana.

Shida yangu ni pale toleo lililobadilishwa linapobaki peke yake. Wapo wanaopandisha pichi ya zilizopendwa kidogo makusudi ndio mfumo wa hakimiliki usizitambue. Wanapata wasikilizaji, ngoma inasambaa, na kesho kijana anaisampo akidhani hiyo ndiyo sauti. Mtu aliyeimba akiwa na miaka arobaini sasa ana miaka ishirini kwa masikio ya taifa. Na hakuna aliyeandika popote kwamba aliguswa.

Kwa hivyo kama una kaseti kwenu, na wengi mnazo, ziko kwa kile kikapu chini ya kitanda ama juu ya kabati na albamu za harusi, fanya hivi.

Kwanza, hamisha sauti ghafi na uiweke hivyo hivyo, na mvumo wake, na mikwaruzo yake. Usisafishe kitu. Ukitaka kusafisha, safisha nakala.

Pili, tafuta shahidi ndani ya sauti. Kama ilirekodiwa kwa stima, tafuta 50 na 100, na uchomoe chaja yako kwanza. Kama kuna redio ya BBC ikilia nyuma, vile vilio vya saa ni hezi 1000, na vinapishana kwa sekunde moja kamili. Kama kuna kinanda cha kanisa, hicho pia kitakusaidia. Ukikosa vyote, kaa na mtu aliyemjua aliyeongea, umwekee spidi tatu tofauti bila kumwambia ni zipi, achague.

Tatu, unaporekebisha, tumia ile sehemu inayobadilisha spidi na pichi pamoja. Ile ya kubadilisha tempo peke yake itakupa mtu mwingine wa tatu.

Nne, kwa wenye santuri: weka kibandiko kidogo pembeni ya sahani na saa mkononi. 33⅓ inazunguka mara 100 kwa dakika tatu. 45 inazunguka mara 135. Hauhitaji kununua chochote.

Tano, andika. Jina la aliyeongea, mwaka, mahali, mashine gani, ulishusha au ulipandisha kwa kiasi gani. Maneno machache kwa jina la faili yanatosha.

Na usitupe kaseti. Flash inabeba uamuzi wa mtu mmoja siku moja. Kaseti bado inabeba ile sebule yote, pamoja na stima yake.